Betri Itamfia Nani Mkononi

Mtu anayekwenda kuchukua gari jipya la umeme nchini Marekani huwekewa mezani mikataba miwili. Wa kwanza ni wa mkopo: benki inalipia gari, yeye anarejesha kila mwezi kwa miaka mitano au sita, na akimaliza gari ni lake. Wa pili ni wa kukodi: analitumia kwa miaka mitatu hivi, akiwa na kikomo cha maili kwa mwaka, kisha analirudisha, au pengine analinunua kwa bei iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Washauri wa fedha humwambia alinganishe kianzio, riba na malipo ya mwezi, na hesabu hiyo si mbaya. Lakini ndani yake imo tarakimu moja isiyojulikana na mtu yeyote, nayo ndiyo inayoamua yote: gari litakuwa na thamani gani siku mkataba wa kukodi unapokwisha. Tuseme gari ni la dola 40,000 na mkodishaji anakadiria kwamba baada ya miaka mitatu litauzika kwa 22,000. Aliyekodi atalipia zile 18,000 zinazoyeyuka, yaani dola 500 kwa mwezi, na riba juu yake. Ikitokea soko likatoa 15,000 tu, hasara ya 7,000 inamwangukia mkodishaji. Kwa aliyekopa, hasara hiyohiyo ni yake peke yake. Kwa gari la petroli makadirio ya namna hii yana uzoefu wa karibu karne nzima. Kwa gari la umeme yanasimama juu ya betri, na betri imewasumbua wakadiriaji tangu karne ya 19. Kwa hiyo nadhani historia ya biashara hii inaeleweka vizuri zaidi tukiifuata betri kuliko tukifuata riba: kila mkataba wa gari la umeme, tangu wa kwanza kabisa, umekuwa ni mapatano juu ya nani atakuwa ameishika siku itakapopoteza thamani.

Historia hiyo inaanza na teksi. Mhandisi Henry Morris na mkemia Pedro Salom wa Philadelphia walitengeneza gari lao la umeme, Electrobat, mwaka 1894, na mwaka 1897 kampuni yao ikaanza kupeleka teksi za umeme katika mitaa ya New York. Mwaka huohuo Isaac Rice, mkuu wa kampuni ya kutengeneza betri ya Electric Storage Battery, aliichukua biashara hiyo na kuiita Electric Vehicle Company. Mpango wake ulikuwa wa kukodisha, si wa kuuza: mteja alilipia safari, siku au mwezi, na gari likabaki kuwa la kampuni. Sababu zilikuwa za wazi. Betri za risasi na asidi za wakati ule zilikuwa na uzito wa karibu nusu tani, sahani zake ziliharibiwa na mtikisiko wa barabara mbovu, na tajiri wa Manhattan aliyezoea kuwa na mtunza farasi hakuwa na fundi wa betri nyumbani. Basi betri zilitunzwa na waliozijua. Kwenye kituo cha Broadway gari liliingizwa katika nafasi yake, mitambo ya haidroliki ikaliweka sawa, trei ya betri iliyokwisha ikavutwa nje na nyingine iliyojaa ikasukumwa ndani, na ndani ya dakika chache teksi ikarudi barabarani. Ile iliyotolewa ilipelekwa kwenye chumba cha kuchajia ikakaguliwe. Rice alikuwa anauza betri na wakati huohuo anakodisha magari yanayozitumia. Hakuwa na mtu wa kumtupia mzigo, na pengine ndiyo maana kituo chake kilisimamiwa vizuri.

Mambo yaliharibika mzigo ulipohamia kwa watu ambao betri kwao ilikuwa hadithi ya kuuzia hisa. Mwaka 1899 tajiri wa tramu za New York, William C. Whitney, na wenzake waliingia na fedha nyingi na mpango wa maelfu ya teksi katika miji mingi, kila mji na kampuni yake tanzu. Magari yaliagizwa kabla ya mafundi kufunzwa. Betri ziliendeshwa kiholela, zikafa mapema, na ndani ya mwaka huo gazeti la New York Herald likafichua mkopo uliopatikana kwa njia za udanganyifu. Kampuni tanzu zikafungwa moja baada ya nyingine, na mwaka 1907 kampuni mama ikafilisika. Ni rahisi kusema kwamba tukio hilo lilithibitisha udhaifu wa gari la umeme, au udhaifu wa kukodisha. Mwanahistoria David Kirsch, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu magari hayo, ameonyesha kwamba mfumo ule wa huduma ulikuwa na nafasi halisi ya kufaulu. Ushahidi mzuri upo Hartford, Connecticut, mji uleule ambako teksi za Whitney zilikuwa zikitengenezwa. Huko, kuanzia miaka ya 1910 hadi 1924, kampuni ya umeme ya mji, Hartford Electric Light, iliendesha huduma ya namna hii: mfanyabiashara alinunua lori la umeme bila betri, betri ilibaki mali ya kampuni ya umeme, mwenye lori akalipa ada ya mwezi na kiasi fulani kwa kila maili. Malori hayo yalitembea zaidi ya maili milioni 6 kwa jumla. Chombo kilikuwa cha mtu na betri ya kampuni, na kampuni hiyo ilikuwa na kila sababu ya kuitunza, kwa kuwa ilitaka kuuza umeme kwa miaka mingi na iliijua betri kuliko mteja yeyote. Ukiniuliza ni mkataba gani wa gari la umeme uliowahi kuandikwa kwa akili zaidi, nitataja huu wa Hartford.

Wakati huohuo petroli ilikuwa inajenga utaratibu wake, nao ulikuwa wa mkopo. General Motors ilianzisha mkono wake wa kukopesha, GMAC, mwaka 1919, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 takriban robo tatu ya magari mapya Marekani yaliuzwa kwa malipo ya awamu. Mkopo ulishika kwa sababu injini ya petroli ilikuwa dhamana inayoeleweka: mkopaji akishindwa, gari linakamatwa na kuuzwa, na mkopeshaji anajua takriban atapata nini. Kukodi kulikuja nyuma, kwanza kwa makampuni, kutokana na biashara iliyoanzishwa na Zollie Frank wa Chicago mwaka 1939, kisha kwa familia, hasa baada ya sheria ya kodi ya mwaka 1986 kuwaondolea Wamarekani nafuu ya kodi kwa riba ya mikopo ya magari binafsi. Hapo kukodi gari la petroli kukawa njia ya kupunguza malipo ya mwezi na kuwa na gari jipya kila baada ya miaka mitatu. Ushauri wa fedha unaosomwa leo ulizaliwa katika mazingira hayo, na kasoro yake ni kwamba unadhani thamani ya mwisho inakadirika.

Gari la umeme liliporudi, lilirudi kwa kukodishwa. Kanuni za California za mwaka 1990 ziliwataka watengenezaji wakubwa wahakikishe kwamba kufikia 1998 asilimia 2 ya magari wanayouza jimboni humo hayatoi moshi kabisa. General Motors ikaleta EV1 mwishoni mwa 1996, kupitia mawakala wa Saturn huko California na Arizona, na hakuna mteja aliyeweza kuinunua. Bei ya karibu dola 34,000 ilikuwepo kwenye karatasi, lakini kazi yake ilikuwa kukokotolea kodi ya mwezi, na mkataba haukuwa na kipengele cha kununua mwishoni. Toleo la kwanza lilitumia betri za risasi. La pili, la mwaka 1999, lilikuwa na betri za nikeli. Yote kwa pamoja yalitengenezwa 1,117. Kanuni zilipolegezwa kampuni ikaachana na mradi, na kufikia 2003 ikaanza kuyakusanya magari. Machache yalipelekwa kwenye majumba ya makumbusho na vyuo, mengi yakiwa yamezimwa yasiendeshwe tena, yaliyobaki yakapondwa. Waliokuwa wakiyakodi waliandamana nje ya uwanja wa Burbank yalikokuwa yameegeshwa 78 ya mwisho, wakatoa ofa ya dola milioni 1.9 kuyanunua. Walikataliwa, kwa hoja kwamba vipuri havitapatikana na kampuni ingebeba dhima ya kisheria.

Anayepinga kukodi hana mfano wenye nguvu kuliko huo, na inafaa aruhusiwe kuusukuma hadi mwisho. Atasema: tazama pia Toyota RAV4 ya umeme, iliyotoka enzi hizohizo na katika jimbo hilohilo. Mwaka 2002 Toyota iliiuza kwa umma kwa bei ya dola 42,000, na waliofanikiwa kuinunua, wachache kuliko 400, waliendelea kuiendesha miaka mingi baada ya EV1 kuwa vyuma chakavu. Shirika la umeme la Southern California Edison, lililokuwa na kundi la RAV4 hizo, lilizipima na kukuta baadhi zimepita maili 100,000 kwa betri zake za awali. Hofu ambayo kukodi kulidai kuiondoa haikutokea, na waliokodi wakapoteza gari. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo, ila naiwekea tarehe. Mwaka 1997 hakuna aliyejua kwamba betri za nikeli zingedumu kiasi hicho, na mtu ambaye angenunua EV1 ya kwanza, yenye betri za risasi, angekabiliwa na gharama ya kuzibadilisha baada ya miaka michache. Kukodi kulikuwa uamuzi wenye mantiki kwa habari zilizokuwepo. Kilichowaumiza watu wa Burbank ni kukosekana kwa mstari mmoja kwenye mkataba, ule unaompa aliyekodi haki ya kununua mwishoni. Hofu ilibaki kwa mtengenezaji, na uamuzi wote ukabaki kwake pamoja nayo. Hata leo ipo mikataba ya kukodi magari ya umeme isiyo na mstari huo, na mtu anayeweka saini bila kuutafuta hajanufaika chochote na historia ya EV1.

Ulaya ilijaribu njia ya Hartford bila, nadhani, kuikumbuka Hartford. Renault ilipoleta Fluence Z.E. na baadaye Zoe, katika miaka ya 2011 hadi 2013, iliuza gari na kukodisha betri kwa malipo ya kila mwezi yaliyofuata kilometa. Uwezo wa betri ukishuka chini ya asilimia 75, Renault iliahidi kuitengeneza au kuibadilisha. Kwa mnunuzi wa kwanza huo ulikuwa mpango mzuri sana. Tatizo lilijitokeza alipotaka kuuza: mnunuzi wa pili alilazimika kurithi mkataba wa betri, malipo hayakuwa na mwisho, na mkataba uliipa kampuni uwezo wa kuzuia betri isichajiwe iwapo malipo yangesimama. Renault ikaanza kuuza Zoe pamoja na betri yake na hatimaye ikaachana na ukodishaji huo. Israeli mambo yalikuwa mabaya zaidi. Better Place, kampuni iliyoanzishwa na Shai Agassi mwaka 2007 na kukusanya karibu dola milioni 850, ilikodisha betri za Fluence na kuzibadilisha kwenye vituo vyake kwa mitambo. Mei 2013 ikafilisika, na wenye magari wakajikuta wanamiliki magari ambayo betri zake ni mali ya kampuni inayogawanywa na wadai. Hapa ndipo panapohitaji kuongezwa jambo kwenye hoja yangu ya mwanzo: haitoshi kuuliza nani anabeba mzigo, lazima pia kuuliza kama ana mgongo wa kuubeba. Kampuni ya umeme ya Hartford ilikuwa nao. Better Place haikuwa nao, na mzigo ukarudi kwa mteja bila yeye kuwahi kuukubali.

Baada ya hapo hofu yenyewe ilibadilika sura, na mabadiliko haya hayajaingia vizuri katika ushauri unaotolewa. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, haikuwa na mfumo wa kupooza betri kwa kimiminika. Kiangazi cha 2012 wenye Leaf katika joto la Arizona walianza kulalamika kwamba betri zao zinapoteza uwezo haraka, na Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Aliyekuwa amekodi alirudisha gari na kwenda zake. Lakini magari yaliyofuata yalipata mifumo bora ya kupooza, dhamana ya miaka 8 au maili 100,000 ikawa ya kawaida Marekani, na kwa jumla betri zimeonekana kudumu kuliko ilivyohofiwa. Hapo mpinzani wa pili anaingia: kama betri haifi tena mapema, kukodi kuna faida gani? Jibu ni kwamba bado inapoteza thamani, ila siku hizi inapoteza kwa sababu nyingine. Bei ya betri za lithiamu ilishuka kutoka zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010 hadi dola 115 hivi mwaka 2024. Kila gari jipya linapokuja na betri kubwa zaidi kwa bei ndogo zaidi, la zamani linashuka hata kama betri yake ni nzima. Hertz, kampuni ya kukodisha magari iliyotangaza mwaka 2021 kuagiza Tesla 100,000, ilikuta mwaka 2023 Tesla yenyewe inapunguza bei za magari mapya, na Januari 2024 ikatangaza kuuza magari ya umeme 20,000 kwa hasara ya uchakavu ya dola milioni 245. Ikiwa kampuni ambayo maisha yake yote ni kununua na kuuza magari ilikosea thamani ya mwisho kwa kiasi hicho, sioni kwa nini mfanyakazi mwenye mshahara mmoja aamini kwamba ataikadiria vizuri zaidi kwa mkopo wa miaka sita.

Yapo mazingira ambamo mkopo unashinda, nayo ni haya: mtu anayekusudia kukaa na gari miaka kumi au zaidi, anayeendesha maili nyingi kuliko kikomo cha mkataba, na anayechukua gari la aina iliyokwisha kuthibitika. Kwake thamani ya sokoni si kitu kwa kuwa hauzi. Msemo kwamba kukodi ni kutupa pesa unamfaa yeye, na haumfai mtu mwingine, kwa sababu mwenye mkopo anayeuza baada ya miaka mitatu naye amelipia kushuka kwa thamani, tena bila kujua mapema kiasi gani. Serikali nazo zimeingiza mkono kwenye mizani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 iliweka masharti makali ya mahali pa kutengenezwa kwa gari na betri ili mnunuzi apate nafuu ya kodi ya dola 7,500, lakini gari la kukodishwa lilihesabiwa kuwa la biashara na kupita bila masharti hayo. Watu wakahamia kwenye kukodi kwa wingi, hadi nafuu zote mbili zilipofutwa kuanzia mwisho wa Septemba 2025. Ufaransa, mwanzoni mwa 2024, ilifungua mpango wa kukodisha magari ya umeme kwa familia za kipato cha chini kwa euro 100 hivi kwa mwezi, na ikaufunga ndani ya wiki chache baada ya maombi kufurika. Katika hali zote mbili hazina ya umma ilibeba sehemu ya mzigo, na watu walikwenda mahali mzigo ulikokuwa mwepesi.

Afrika Mashariki inaijua hoja hii kwa mlango mwingine. Dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam ana njia mbili za kupata chombo asipokuwa na mtaji: kupeleka hesabu kwa tajiri kila siku huku pikipiki ikibaki ya tajiri, au kuingia mkataba, ambapo hesabu ni kubwa zaidi lakini baada ya mwaka au zaidi anakabidhiwa kadi na chombo kinakuwa chake. Madereva wengi wanapenda mkataba, na wana haki: pikipiki yenye kadi ya jina lako ni mali inayouzika siku mtoto anaugua. Mtu anayewahubiria uzuri wa kukodi hana budi kuijibu hoja hiyo. Kwa pikipiki ya umeme jibu lipo kwenye betri. Mkataba ukiijumlisha, siku dereva anapokabidhiwa kadi betri imeshachajiwa na kuisha mamia ya mara, na anachopewa ni sehemu ya gharama kubwa ambayo miaka yake bora imekwisha kumtumikia tajiri. Ndiyo maana Kigali, kampuni ya Ampersand imefuata mgawanyo uleule wa Hartford tangu 2019: dereva ananunua pikipiki, betri ni ya kampuni, anaibadilisha kituoni na kulipia umeme alioutumia. Nairobi, BasiGo ilianza mwaka 2022 na mabasi mawili kwa utaratibu wa karibu na huo, mwenye matatu akinunua basi na kulipia betri, chaji na matengenezo kwa kilometa, shilingi 20 za Kenya wakati wa kuanza. Naona huu ndio mgawanyo sahihi kwa chombo kinachofanya kazi kutwa. Hatari yake ni ile ya Better Place: betri za kampuni moja haziingii kwenye pikipiki za nyingine, na kampuni ikifunga milango, chombo chenye kadi safi kinabaki fremu.

Na kuna mtu wa tatu asiyetajwa kwenye mkataba wowote. Magari yaliyokodiwa Japani na Uingereza yakirudishwa, huuzwa, na baadhi hupakiwa meli kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Kenya hupokea yasiyozidi miaka 8. Aliyekodi ameshaondoka, mkodishaji ameshapunguza hasara yake, na dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haivuki bahari. Leaf za vizazi vya kwanza huonyesha uwezo wa betri kwa vijiti 12 pembeni ya geji ya chaji, na kijiti cha kwanza kinapozimika betri huwa imepoteza takriban asilimia 15. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuviwasha upya kwa muda kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, kisha vikazimika tena baada ya wiki kadhaa gari likiwa kwa mwenyewe mpya. Kwa hiyo wanunuzi wanaojua huja na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, wakaisoma betri kwenye simu, seli kwa seli, kabla ya kutaja bei.